Kompyuta Iliyotoka kwa Fundi

Bonasi ya chai huingia Oktoba. Wiki hiyo, kutoka Kapkatet na Litein hadi Silibwet na Mogogosiek, pesa hazikai mfukoni: deni la mbolea linalipwa, karo ya Januari inatengwa, mabati yananunuliwa. Na miaka hii kuna kitu kingine kilichoingia katika mipango ya familia nyingi za Kericho na Bomet, nacho ni kipakatalishi. Mtoto amepata nafasi Chuo Kikuu cha Kabianga na anahitaji pa kuandikia kazi zake. Binti aliyemaliza masomo anatafuta ajira za mtandaoni, zile za kusikiliza sauti na kuziandika. Baba ni mwalimu na amechoka kupanga foleni kwenye saiba kila anapotaka hati yake ya mshahara. Mashine moja itawatumikia wote.

Vipakatalishi vingi vinavyouzwa madukani Kericho, Sotik au Bomet mjini ni vile vinavyoitwa "ex-UK", vilivyotumika miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo, vikakarabatiwa na kuletwa nchini. Si bidhaa mbaya. Nyingi ni mashine imara kuliko mpya za bei hiyohiyo. Hatari imo katika dakika za mwisho za biashara, pesa zikiwa zimeshalipwa, muuzaji anapouliza kwa wema kabisa: "Mwalimu, nikuwekee na Office?" Mwalimu anaitikia. Nani atakataa cha bure?

Fundi anachomeka flashi, anazima kinga ya Windows, kisha anaendesha programu ndogo inayoihadaa mashine iamini kwamba Windows na Office zimelipiwa. Hana budi kuizima kinga, kwa sababu kinga ikiwa macho itaikataa programu hiyo papo hapo. Na mara nyingi hairudishi. Familia inapanda matatu kurudi nyumbani ikiwa na mashine ambayo mlinzi wake ameambiwa alale.

Mojawapo ya programu hizo za kuhadaa, maarufu kutoka Manila hadi Nairobi, ni KMSPico. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico zilivyokuwa zikisambaza mwizi aitwaye CryptBot. Mtumiaji alipata alichokitaka, Windows ikakubali, na wakati huohuo CryptBot ikawa imekusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Miezi kumi na sita baadaye, Aprili 2023, Google iliwashtaki wasambazaji wa CryptBot katika mahakama ya Marekani, ikisema kwamba katika mwaka uliotangulia kompyuta zipatazo 670,000 ziliambukizwa.

Fundi wa Litein si mshirika wa wezi hao. Yeye pia alipewa flashi ile na rafiki, naye rafiki aliipata kwa mwingine, na hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyejua kilichomo. Kosa ni kwamba hakuna aliyeuliza. Mkulima yuleyule anayesimama kando ya mzani kwenye kituo cha kununulia majani, macho kwenye namba mpaka kilo zake ziandikwe, humwachia fundi kompyuta saa nzima akaenda kunywa chai.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba udanganyifu huo mara nyingi hauhitajiki hata kidogo. Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wakubwa wa kompyuta huweka ufunguo wa leseni ndani ya mashine yenyewe, kwenye ubao wake mkuu. Kipakatalishi kilichotoka kiwandani na Windows ya kulipiwa bado kina leseni hiyo hata kikishavuka bahari na kubadilisha wamiliki. Mtu akipakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft, akaiweka kwenye flashi ya GB 8 na kuisimika upya, kwa kawaida mashine hujitambua mara inapoingia mtandaoni, bila senti kulipwa. Na kwa kuandika barua, hesabu na kazi za chuo, LibreOffice inatosha, ni ya bure kihalali, na inafungua faili za Word na Excel. Kwa hiyo swali lile la dukani lina jibu zuri: "Niwekee Windows safi na LibreOffice, mbele yangu."

*

Virusi vya zamani vilipenda kujitangaza. Vilifuta faili, vilizima skrini, vilimfanya mwenye mashine apige kelele. Programu ya kijasusi hufanya kinyume: hutaka kompyuta iendelee kufanya kazi vizuri, kwa sababu kila siku ya kazi ni mavuno. Zipo za aina nyingi. Kuna zinazonasa kila kibonye kinachoguswa kwenye kibodi. Kuna zinazopiga picha za skrini, au kuwasha kamera na kipaza sauti. Na kuna aina iliyotawala soko la wizi miaka hii, ambayo haikai hata kupeleleza: huingia, hufagia kila kilichohifadhiwa, hukituma kwa bwana wake, na nyingine hujifuta zenyewe. Kazi yote huchukua muda mfupi sana. Anayetafuta jasusi wiki ijayo hatamkuta.

RedLine ilikuwa ya aina hiyo. Ilianza kuonekana 2020, ikakodishwa kwa wahalifu kwa malipo ya kila mwezi, hadi 28 Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi, FBI na washirika wao walipozima mitambo yake katika operesheni waliyoiita Magnus. Nafasi yake ikachukuliwa upesi na Lumma. Mei 2025 Microsoft ilitangaza kwamba katika miezi miwili tu, kuanzia 16 Machi hadi 16 Mei, ilikuwa imehesabu kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows duniani zilizoambukizwa Lumma. Kuikodi kulianzia takriban dola 250 kwa mwezi. Yaani mwizi wa leo hahitaji kujua kuandika programu; anahitaji kodi ya mwezi.

Wanachofagia si nywila pekee. Mtu anapoingia kwenye baruapepe yake, tovuti humpa kivinjari chake kidakuzi, alama ndogo inayosema huyu ameshajitambulisha, msimuulize tena. Ndiyo maana hatuandiki nywila kila tunapofungua Gmail. Mwizi akikiiba kidakuzi hicho na kukiweka katika kivinjari chake, anaingia bila nywila na bila ule msimbo unaotumwa kwa simu. Watu wengi wameambiwa kwamba uthibitishaji wa hatua mbili ni ngome. Ni kinga nzuri sana, na kila mtu auwashe, lakini mbele ya jasusi aliyeketi ndani ya kompyuta hautoshi peke yake.

Sasa turudi kwenye kipakatalishi cha mwalimu. Kina nini cha kuibwa? Kina akaunti ya iTax yenye PIN ya KRA. Kina hati za mshahara za TSC, zenye namba ya kitambulisho na akaunti ya benki. Kina maombi ya mkopo wa HELB ya mtoto, na maelezo ya wazazi yaliyojazwa humo kwa uaminifu. Kina akaunti ya eCitizen, pengine na ya Sacco. Na juu ya yote kina baruapepe, ambayo ndiyo hutumika kubadilishia nywila za hizo nyingine zote. Familia inayosema haina kitu cha kuibiwa huwa haijahesabu baruapepe.

Vijana wanaofanya kazi za mtandaoni wako wazi zaidi kwa hatari hii, na inafaa kuwatetea hapa, kwa sababu mara nyingi hulaumiwa kwa ujinga wasio nao. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililowapa Wakenya wengi vibarua vya kufunza akili mnemba, lilifunga milango yake kwa Kenya. Maelfu walibaki wakitafuta mahali pengine. Mtu mwenye shida ya kazi hupokea barua ya mwajiri asiyemjua, kwa kuwa waajiri wote wa mtandaoni humjia hivyo. Ndani ya barua kuna faili iliyobanwa, na nywila ya kuifungulia imeandikwa palepale. Nywila hiyo haikuwekwa kulinda siri ya mwajiri. Imewekwa ili kinga ya kompyuta ishindwe kuchungulia ndani ya faili. Mwajiri halali karibu hana sababu ya kutuma maelezo ya kazi kwa namna hiyo.

Mtego mwingine ni mpya na una ujanja wa kutisha. Ukurasa unamwomba mtu athibitishe kwamba si roboti. Badala ya kumchagulisha picha za taa za barabarani, unamwelekeza abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Bila kujua, amebandika amri iliyokuwa imewekwa kisiri kwenye ubao wa kunakilia na kuiamuru kompyuta yake mwenyewe imlete mwizi. Lumma ilisambazwa sana kwa njia hii. Hakuna tovuti halali inayothibitisha binadamu kwa kumtaka afungue kisanduku cha amri, na sentensi hii ingefaa kutangazwa kwa Kipsigis kwenye Chamgei FM na Kitwek FM mara nyingi kama matangazo ya mbolea. Maonyo mengi ya usalama wa mtandao nchini hutolewa kwa Kiingereza, kwa lugha ya wataalamu. Kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandao, KE-CIRT, kilisema kiligundua matukio ya vitisho zaidi ya bilioni 2.5 kati ya Januari na Machi 2025. Namba hiyo ni kubwa mno kumsaidia mtu wa Kapkoros kuamua abonyeze au asibonyeze.

*

Haiwezekani kuandika juu ya wizi wa kidijitali Bomet bila kutaja Mulot, mji mdogo ulio mpakani mwa Bomet na Narok. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) imekamata washukiwa tena na tena katika eneo hilo, ikiwatuhumu kwa kubadilisha laini za simu za watu na kukomba akiba zao za M-Pesa na benki. Jina la mji likageuka kuwa jina la uhalifu, dhuluma kubwa kwa wakazi ambao ni wakulima na wachuuzi wa kawaida, na ambao huibiwa kama watu wengine.

Wizi wa aina ya Mulot haukutegemea programu za kijasusi. Ulitegemea ulimi: sauti tulivu inayojitambulisha kuwa ya kampuni ya simu, inayojua jina lako kamili na namba ya kitambulisho, na inayokuomba uthibitishe jambo dogo tu. Lakini sauti hiyo huaminika kwa sababu ya yale inayoyajua, na yale inayoyajua hutoka mahali fulani. Zamani yalitoka kwenye vitabu vya wageni vya majengo na rekodi za wakala. Leo furushi la taarifa zilizofagiwa kutoka kompyuta ya mtu wa Roret lina jina, kitambulisho, namba ya simu, benki na hata mazungumzo ya baruapepe, na hununuliwa na asiyewahi kufika Roret. Operesheni ya Interpol iliyopewa jina la Serengeti, Septemba na Oktoba 2024, ilikamata watu 1,006 katika nchi 19 za Afrika. Upande wa Kenya, ilifuatilia wizi wa kadi za benki uliosababisha hasara ya dola milioni 8.6.

Basi anayelinda kompyuta ya nyumbani analinda pia simu. Kwa laini ya Safaricom kuna hatua ya dakika moja: kupiga *100*100# ili laini isibadilishwe kwa mbali na wakala yeyote, ila mwenyewe afike dukani na kitambulisho chake. Na PIN ya M-Pesa haina sababu ya kuandikwa kwenye kompyuta, si katika faili, si katika baruapepe, si kwenye picha.

*

Juni ikielekea ukingoni, saiba za Kericho hufurika. Tarehe 30 ni mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA, na mamia ya watu humtajia kijana wa saiba PIN na nywila zao, wengine kwa sauti ya kusikika foleni nzima. Kijana anaziandika kwenye daftari ili mwakani mteja asisumbuke. Ni huduma ya kweli na wengi wangekwama bila yake. Ila kompyuta ile imeguswa na watu wengi siku hiyo, na mmoja tu akiacha programu ya kunasa vibonye, wote watakaofuata wanamwandikia yeye. Kuna hata vifaa vidogo, urefu wa kidole gumba, vinavyochomekwa kati ya waya wa kibodi na mashine. Kinga yoyote ya programu haiwezi kuviona, lakini jicho linaloinama nyuma ya kompyuta linaviona mara moja.

Mwenye simu au kipakatalishi chake ni heri ajaze ritani nyumbani. Anayehitaji msaada anaweza kuupata bure kwa maafisa wa KRA, ofisini kwao au kwenye Huduma Centre. Na aliyelazimika kutumia saiba abadilishe nywila usiku huohuo kutoka kifaa anachokiamini, asisubiri mwakani.

Kinachorudi nyumbani kutoka saiba ni flashi. Kila mwanafunzi anaijua ile hali ya kufungua flashi na kukuta folda zote zimegeuka njia za mkato. Folda halisi zimefichwa, na kila njia ya mkato ikibofywa huendesha programu ya mdudu kwanza, ndipo folda ifunguke, hivyo mtu haoni tofauti. Zamani hata kubofya hakukuhitajika, kwa kuwa Windows iliendesha yenyewe kilichomo kwenye flashi. Microsoft iliifunga njia hiyo kwa sasisho la Februari 2011. Dawa ni kuzoea kubofya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuamuru ikaguliwe kabla ya kufunguliwa, na kuiamuru Windows ionyeshe viambishi vya majina ya faili, ili insha inayoishia na .exe ijulikane kwamba si insha.

*

Si majasusi wote wanaotafuta pesa. Afrika Mashariki ina ushahidi wa kutosha wa programu hizi mikononi mwa dola, na mwananchi anastahili kuujua.

Oktoba 2015 shirika la Privacy International lilichapisha nyaraka kuhusu operesheni ya siri nchini Uganda iliyoitwa Fungua Macho. Kwa mujibu wa nyaraka hizo, baada ya maandamano ya 2011 ya kutembea kwenda kazini, ujasusi wa kijeshi ulinunua FinFisher, programu ya kampuni ya Gamma, ili kuwafuatilia wapinzani, waandishi na wengine. Zilitegwa Wi-Fi bandia na kompyuta za wageni katika hoteli 21 za Kampala, Entebbe na Masaka. Serikali ya Uganda ilikanusha. FinFisher ilikuwa na tabia ya kujivika sura za programu zinazoaminika: Aprili 2013 Mozilla iliiandikia Gamma kuitaka iache kuivalisha programu yake jina la Firefox. Funzo hilo linafika hadi Sosiot. Dirisha linalojitokeza katikati ya ukurasa wa sinema za bure likidai kivinjari chako kimezeeka halitoki kwa waliotengeneza kivinjari. Masasisho hutafutwa ndani ya programu yenyewe.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Nairobi. Tarehe 2 Mei 2025, siku chache baada ya BBC kurusha filamu ya Blood Parliament kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi nje ya Bunge Juni 2024, polisi waliwakamata watengenezaji filamu wanne na kuchukua vifaa vyao. BBC ilisema hawakuhusika na filamu hiyo. Vifaa vilirudishwa Julai. Vilipochunguzwa na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, ilionekana kwamba FlexiSPY ilikuwa imewekwa vikiwa bado mikononi mwa polisi. FlexiSPY si silaha ya siri ya mataifa. Inauzwa waziwazi mtandaoni, kwa simu na kwa kompyuta, na yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kuinunua.

Hapo ndipo kisa cha Nairobi kinapokutana na cha Litein. Mashine iliyokaa mikononi mwa mwingine, awe askari au fundi wa skrini, inarudi ikiwa mgeni, na inafaa ikaguliwe kabla ya kuaminiwa.

Na kuna upelelezi wa ndani ya nyumba, ambao watu hawapendi kuuzungumzia. Mume anamwekea mke programu ya kusoma ujumbe wake; mchumba anaomba nywila akiita jambo hilo upendo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 haina kifungu kinachosema ndoa ni ruhusa. Kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini kunaweza kuleta faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, na kunasa mawasiliano kuna adhabu kali zaidi. Mwanamke anayeshuku kwamba anafuatiliwa hivyo asikimbilie kuifuta programu. Kuifuta humjulisha aliyeiweka. Kwanza atafute ushauri kwa simu ya mtu mwingine, na usalama wa mwili wake utangulie wa mashine.

*

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender, na kwa nyumba ya kawaida inatosha ikiachwa iwe macho. Ifunguliwe sehemu ya Windows Security, ihakikishwe kwamba kila alama ni ya kijani, na itazamwe orodha ya vitu ambavyo Defender imeamriwa isivikague. Orodha hiyo katika mashine safi huwa tupu, na fundi aliyeweka programu za kuhadaa huacha alama zake hapo. Ndani yake pia kuna ukaguzi wa nje ya mtandao: kompyuta hujizima, hujiwasha upya na kukaguliwa kwa takriban dakika kumi na tano kabla Windows haijaamka, wakati ambapo jasusi hajapata nafasi ya kujificha.

Hatua inayosahauliwa kuliko zote ni akaunti. Mashine nyingi zina akaunti moja tu, ya msimamizi, nayo ndiyo mtoto huchezea michezo. Mzazi atengeneze akaunti ya kawaida kwa kila mtu wa nyumba, pamoja na yake mwenyewe ya kila siku, na nywila ya msimamizi aijue yeye. Programu ikitaka kujisimika kwa mashine nzima italazimika kuomba nywila hiyo, na mtoto atalazimika kuja jikoni kueleza ni programu gani. Wezi wa haraka bado wanaweza kufagia akaunti moja, lakini iTax ya baba haitakuwa katika akaunti ya mchezaji.

Masasisho ni tatizo la bando. Windows ikiambiwa mtandao unalipiwa kwa kipimo, husimamisha upakuaji wa masasisho mengi, na familia nyingi zinazotumia simu kama modemu huiacha hivyo milele. Afadhali kutenga bando la usiku mara moja kwa mwezi, Jumanne ya pili ikishapita, kwani ndiyo siku Microsoft hutoa marekebisho yake. Mwanafunzi mwenye Wi-Fi ya chuo anaweza kwenda nayo huko na kurudi ikiwa imeshiba.

Wanunuzi wa Oktoba wana jambo jingine la kuuliza. Msaada wa bure wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025, ingawa mtumiaji wa nyumbani anaweza kujiandikisha kwa marekebisho ya ziada hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 kwa kawaida hudai kichakataji cha Intel cha kizazi cha 8 au zaidi, na mashine nyingi za bei nafuu ni za kizazi cha 6 na cha 7. Mnunuzi asome kibandiko au ukurasa wa mfumo: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8. Aliyekwisha kununua ya zamani hajapoteza kila kitu, maana Linux Mint ni ya bure, hupata masasisho kwa miaka, na hufanya kazi vizuri kwa mtu ambaye shughuli zake zote ni kivinjari na kuandika.

Vivinjari navyo vina mlango wao wa nyuma, yaani viendelezi. Usiku wa kuamkia Krismasi 2024, wadukuzi waliteka akaunti ya kampuni ya Cyberhaven na kusukuma toleo chafu la kiendelezi chake cha Chrome, kilichokuwa na watumiaji wapatao 400,000, toleo ambalo liliiba vidakuzi. Hiyo ilikuwa kampuni ya usalama. Kiendelezi ambacho hakuna anayekumbuka kwa nini kiliwekwa kitolewe leo.

Na kwa aliyeshaingiliwa, mpangilio wa hatua una uzito. Asianze kubadilisha nywila kwenye kompyuta ileile, kwani atakuwa anamwandikia mwizi nywila mpya. Aikate mtandaoni, achukue kifaa kingine kilicho safi, aanze na baruapepe, kisha benki na Sacco, kisha eCitizen na iTax, na katika kila akaunti atafute sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia, ambayo ndiyo huvifanya vidakuzi vilivyoibwa visifae. Tovuti ya Have I Been Pwned, aliyoianzisha Troy Hunt 2013, humwonyesha bure kama anwani yake imo katika uvujaji unaojulikana. Ikiwa pesa zimechukuliwa, apige simu benki au Sacco kabla ya jambo lingine lolote, kisha aende kituo cha polisi apewe namba ya OB na aombe kuelekezwa kwa wapelelezi wa DCI. Kompyuta asiifute bado; mashine iliyofutwa haiwezi kutoa ushahidi. Wapelelezi wakishamaliza nayo, ndipo isimikwe Windows upya, na mwenyewe awepo kazi hiyo inapofanywa.